Baya la Babu Yako

Ukata, Jumamosi mchana

Editha mwanangu,

Umeenda kijijini Ruanda kuwaaga wazazi wako wa ubatizo, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni, kwa hiyo nina nafasi na hakuna wa kunichungulia. Habari ya godoro, sanduku, vyeti na nani atakupokea ukishuka, baba yako ameshasema, na kesho atasema tena mpaka basi liondoke. Mimi sirudii. Nataka kukueleza habari ya neno moja.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu, mwalimu wako alikuja hapa nyumbani kukusifu? Alisema, "Mama Editha, mtoto huyu ana lugha ya adabu. Wenzake wanasema jambo baya, yeye anasema jambo lisilofaa." Nikamwandalia chai, nikacheka naye. Wewe ulidhani ni adabu, na wadogo zako wanadhani hivyo mpaka leo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Neno hilo sikulitamka ndani ya nyumba hii, na ninyi nikawazuia msilitamke, kwa sababu kwetu ziwani lilikuwa jina la nyumba, na ndani ya nyumba hiyo alifia mama yangu.

Unakwenda kusomea mifugo. Utafundishwa namna ya kuwajengea ng'ombe mahali pa kulala. Nimeona si haki uende bila kujua babu yako alijenga nini, na kilichotupata.

Babu yako Yohana alipokuwa kijana alivuka ziwa kwenda upande wa Nyasaland kutafuta kazi, kama walivyovuka vijana wengi wa ufuko wetu kusini ya Liuli. Alipata kazi kwenye misheni ya Waskoti, akapewa ng'ombe wa kuchunga. Msimamizi wake alikuwa Mskoti mwenye ndevu nyekundu, mtu wa maneno machache. Mvua ikianza kutishia, Mskoti huyo alisimama juu ya kichuguu akapiga kelele, "Baya! Baya!" Baba alituambia kwamba mwanzoni alidhani ndivyo Wazungu wanavyowaita ng'ombe. Baadaye akaelewa kuwa ni nyumba yao: nyumba ndefu ya mawe, ng'ombe wamefungwa pande mbili, sakafu imetandikwa mawe na kuinama kidogo, na katikati mfereji wa kutoa mkojo nje. Alikaa huko mpaka akazijua kazi zote za pale. Aliporudi alileta ng'ombe, blanketi moja zito, na neno hilo.

Akajenga la kwake. Mawe aliyatoa ufukweni, mengine akayapasua kwa moto na maji, na paa akaliezeka mabati. Watu walikuja kutazama, maana sisi wenyewe tuliishi katika nyumba ya miti na udongo. Mama yangu alikuwa mtu wa mzaha. Akawa anawaambia wageni, "Huyu bwana ameoa wake wengine. Amewajengea nyumba ya mawe, mimi ameniacha kwenye matope." Baba alicheka mpaka akashika kiuno.

Siku hizo, mwanangu, sisi tulisema Kinyasa. Kiswahili kilikuwa cha karani na cha mwalimu. Kwa hiyo baya lilikuwa baya tu, kama kinu ni kinu. "Kafagie baya." "Ndama yuko baya." Halafu shule ikapanuliwa, akaja mwalimu kutoka mbali, na sisi watoto tukaanza kusoma Kiswahili kwa bidii. Siku moja nilichelewa shule, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikajibu, "Nilikuwa baya, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Nyumbani kwa Mzee Yohana kuna baya gani tena?" Tangu siku ile ikawa kichekesho cha kijiji. Mtu akipita kwetu anauliza, "Baya hamjambo?"

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia baba, "Tuseme zizi, kama watu."

"Zizi ni uwanja umezungushiwa miti," akanijibu. "Ng'ombe wangu hawalali uwanjani."

"Basi tuseme banda."

"Banda la kuku hilo. Mimi nilifundishwa kujenga baya, nikajenga baya. Wakicheka, wacheke."

Wakacheka, naye akacheka nao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Mwaka uliofuata mama alikuwa mjamzito. Siku zake zilipotimia, mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ulivuma. Wewe umeuona mwera ukiwa umesimama juu ya mlima, unaona ziwa limegeuka jeupe. Sisi tuliokaa chini tuliusikia kwenye meno. Ulianza alfajiri, na kabla ya mchana paa la nyumba yetu lilikuwa limekwenda, nyasi zote, na mvua inaingia ndani mama akiwa katika uchungu. Baba akambeba mikononi. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga, akamfuata na vyombo vyake, na mimi nyuma yao nimejifunika kapu. Mahali pekee palipokuwa pakavu pale kwetu ni kule kwa ng'ombe.

Waliwasogeza ng'ombe upande mmoja, wakatandika majani makavu na lile blanketi. Sitasahau joto la mle ndani. Nje dunia inapasuka, ndani ng'ombe wanacheua taratibu kama hakuna kitu. Mjomba wako Oswini alizaliwa hapo, mzima, na sauti yake. Lakini damu ya mama haikukoma. Shangazi alifanya kila alilojua. Kuvuka mto kwenda hospitali hakukuwezekana, mto ulikuwa umejaa. Jioni upepo ulipotulia, mama alikuwa ameshatuacha.

Shangazi alitoka nje, mikono imelowa mpaka viwikoni. Majirani walikuwa wamekusanyika. Akamgeukia baba, na kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa akiitumia nyumbani, akasema, "Kaka, umeliita kwa mdomo wako. Umeliita kila siku, leo limekuja."

Shangazi alitupenda. Ndiye aliyetulea baada ya hapo. Alisema vile kwa uchungu wa mtu aliyeshindwa kumwokoa wifi yake, na nadhani kama angeyapata maneno yale tena angeyameza. Lakini yalikwisha kutoka, watu waliyasikia, na kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza kwa mzaha kama baya hatujambo.

Habari zikakua zenyewe. Wakasema Yohana hakuleta ng'ombe tu kutoka ng'ambo, alileta kitu, na lile ndilo jina la kitu chenyewe. Wakasema kile kitu hulipwa. Mtu akipoteza mtoto, akizama ziwani, muhogo ukioza, macho yanageukia kwetu. Baba hakujibu, wala hakubadili neno. Alihamia mle ndani, akalala huko pamoja na ng'ombe wake mpaka uzee wake. Kila jioni alisimama kwenye jiwe akaita, "Baya! Baya!" na ng'ombe wakarudi mmoja mmoja, na akina mama wakawaingiza watoto ndani.

Mimi niliamini, Editha. Sikuamini kama shangazi, niliamini kama mtoto, kwa ngozi. Baba yako alipokuja kuniposa, jambo la kwanza nililopenda kwake ni kwamba kwao kulikuwa mlimani, mbali na maji, na hawakuwa na ng'ombe. Nikaolewa, nikajifunza kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, na kuchuma kahawa, na Oswini nikamwacha kule, kijana mdogo, na mzee aliyelala na mifugo. Nilituma nguo. Nilituma kahawa. Sikuwahi kukaa naye tukazungumza.

Baba alipofariki tuliwagawa ng'ombe kwa ndugu. Jengo likabaki. Unajua watu walivyo na shida ya mawe mazuri na mabati. Pale hakuna aliyechukua hata moja. Nilishuka mara moja kwenda kuangalia kaburi, jua la mchana liko kichwani, nikapita karibu na ule mlango. Ndani hamkuwa na mnyama kwa muda mrefu. Nikasikia wakicheua. Nilisimama nikasikiliza ili nijiambie ni mawimbi, ikashindikana, nikaondoka bila kugeuka.

Sasa uje kwenye miaka hii unayoikumbuka mwenyewe. Ushirika ulipolegea, na magari ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda milima hii, kila mmoja na mizani yake na bei yake, baba yako alikuwa akisimama kati ya mibuni kama mtu aliyesahau alichofuata. Mbolea ya mkopo ikaisha. Ndipo tukajiunga na kile kikundi cha ng'ombe wa maziwa, cha kupewa mtamba na ndama jike wa kwanza unampa mwenzako. Sikutaka. Nilikubali kwa sababu ada yako ya sekondari haikuwa na mlango mwingine.

Unamkumbuka Mama Elspeti, yule daktari wa mifugo, mama wa Kizungu mwenye mvi na viatu vya mvua. Siku ya mafunzo wewe ulikuwa shule. Alichora chini kwa fimbo nyumba ambayo kila mwanakikundi alitakiwa kuijenga. Ndefu. Ng'ombe huku na huku. Sakafu imeinama. Katikati mfereji. Nikaitazama ile michoro kwenye vumbi, na kabla sijaufunga mdomo nikasema, "Hii ni baya."

Wanakikundi wakaniangalia. Mama Elspeti akaniuliza kwa upole, "Ni mbaya kwa nini, mama? Nionyeshe kosa langu."

"Sisemi ni mbaya. Nasema ni baya."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliiweka fimbo chini. "Rudia," akasema.

"Baya. Nyumba ya ng'ombe. Baba yangu aliiita hivyo."

Akaja akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa maji, mbele ya watu. Akaniambia yeye ni Mskoti, mtoto wa mkulima, na hilo ni neno la mama yake, na alikuwa hajalisikia tangu alipomzika. Tulikaa kwenye gogo wenzetu walipokwenda kula, akanieleza. Alisema kwao mashambani nyumba ya ng'ombe huitwa hivyo tangu zama ambazo hakuna anayezijua, kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza cha leo. Waliosoma maneno wanasema lilikuwa jamaa wa karibu na neno la chumba cha mtu kulala, na kwamba yote mawili yanaonekana kutoka kwenye shina moja lenye maana ya kukaa mahali, kuishi. Akasema hata neno la Kiingereza la jirani limeota humo: mtu anayekaa karibu. Na bibi yake alizaliwa katika nyumba ambayo watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, paa moja, mlango mmoja, ili wakati wa baridi joto la ng'ombe liwafikie watoto.

Nikamweleza yetu. Mwisho akasema, "Mama yako alikufa mahali penye joto. Wengi wetu hatutapata hilo." Nimelifikiria sana neno hilo, na bado sijui kama linanifariji.

Mwaka huohuo, wakati wa kahawa, dereva wa lori alileta ujumbe wa Oswini: "Dada njoo, wanabomoa." Ninyi niliwaambia naenda msiba. Nilishuka na lori hadi Mbamba Bay, nikaendelea kwa miguu na kwa mtumbwi. Huko surua ilikuwa imepita, watoto wamezikwa, na kila mahali watu walikuwa wanaambiwa siku hizi matibabu ni kuchangia. Mtu aliyezika mtoto wake akiwa mikono mitupu hutafuta pa kuitupia hasira. Wakaikumbuka nyumba ya Yohana.

Niliwakuta na mitaimbo na majembe. Oswini alikuwa amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, amewazibia njia. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Danieli, alikuwa mbele. Mpole sana yule mzee. Alikuwa ametoka kumzika mjukuu.

"Shikamoo, Mzee Danieli."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia au kutuzuia?"

"Nimekuja kuwaeleza."

"Eleza."

Nikawaeleza yote, pale juani. Neno lilikotoka, yule Mskoti mwenye ndevu nyekundu, nyumba ya bibi yake Mama Elspeti, chumba cha kulala, jirani. Hakuna aliyenikatiza. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akauliza, "Jirani? Kama sisi?" Nikamwambia ndiyo, kama sisi. Nikajiona nimeshinda.

Mzee Danieli alivua kofia. "Mwanangu, nimekusikia, na naamini kila ulichosema. Huko kwao ni nyumba ya ng'ombe. Lakini sisi hatukulipata huko. Tulilipata hapa, siku ile ya mwera, na watoto wetu tumewalea kwa kuliogopa. Hofu hiyo utatuondolea kwa maelezo ya siku moja? Utakaa hapa nasi, uwafundishe wajukuu wetu upya?"

Makazi yangu yalikuwa mlimani, na kila mtu alijua kwa nini.

"Basi tuachie," akasema. "Tunataka kulala."

Oswini akainuka. Nilidhani atapigana. Akamwendea kijana mmoja, akamnyang'anya mtaimbo taratibu, akasema, "Nimezaliwa humu. La kwanza nitaling'oa mimi." Akaling'oa. Ndipo wote wakaingia kazini, na mimi nikafunga kanga kiunoni nikabeba mawe pamoja nao, maana kusimama tu kuliniuma zaidi.

Ukuta wa mwisho, ule wa ndani kabisa, ulipoanguka, kulitoka pumzi. Sina neno lingine. Hewa ya moto yenye harufu ya maziwa na ng'ombe waliolala, ikatupiga usoni wote, ilhali ng'ombe wa mwisho alitoka mle kabla Oswini hajaota ndevu nyingi. Watu wakasimama, mawe mikononi. Yule mama mwenye mtoto akasema polepole, "Walikuwamo." Hakuna aliyecheka na hakuna aliyekimbia. Mzee Danieli akapiga ishara ya msalaba, na tukaendelea mpaka pakawa tambarare.

Jioni nilikaa na mjomba wako nje ya kibanda chake, ugali wa muhogo na dagaa wa usipa mbele yetu, yeye hali. Akauliza, "Dada, mama alikuwaje?"

Mtu mzima, Editha, ana nyavu zake na mvi zinaanza, na hakuwahi kuniuliza. Nikamwuliza kwa nini siku zote alikaa kimya.

Akasema, "Nilipokuwa mtoto wenzangu waliniita mtoto wa baya. Nikasikia yaliyosemwa siku ile, kwamba limekuja. Nilihesabu mwenyewe: siku ile aliyekuja ni nani? Ni mimi. Nilijua nikikuuliza utaniambia ndiyo."

Niliogopa nyumba miaka yote hiyo, na mdogo wangu alikuwa akijiogopa mwenyewe. Kukaa kwangu kimya hakukuwa kumemkinga na kitu. Nilidhani tukiacha kulitaja neno litakufa njaa. Kumbe lilikuwa linakula kwake.

Nikamweleza. Kwamba mama, walipomlaza, alimwegemea ng'ombe aliyekuwa karibu, akaupitisha mkono kwenye ubavu wake, akamwambia baba, "Yohana, kumbe huku ndiko kuzuri. Ungenileta mapema." Kwamba baba alicheka katikati ya upepo ule. Kwamba mtoto alipolia mama aliuliza ni nani, akaambiwa ni mvulana, akasema, "Huyo ana sauti ya baba yake." Na nguvu zilipomwishia alimnyooshea kidole yule ng'ombe akasema, "Mpeni maziwa ya huyu." Tukampa. Ndiyo yaliyomkuza.

Oswini akauliza, "Ng'ombe yule aliitwa nani?"

"Rosi."

"Rosi," akasema. Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu kwa meno. "Kumbe nina mama wawili."

Basi. Sikuambii ulitumie neno hilo au uliache. Huko uendako watasema banda, na wewe sema banda, ufaulu mitihani. Mimi mwenyewe bado kuna mchana nikiwa peke yangu jikoni nasikia wakicheua, na ng'ombe wetu yuko malishoni. Sijui ni nini. Siku hizi sikimbii, nasikiliza mpaka kinyamaze. Ila ukiwa na jambo la kuniuliza, lolote, hata kama unadhani jibu litakuumiza, niulize nikiwa hai. Nami nitakujibu kwa maneno yale yale yalivyo, bila kuyavika nguo.

Mjomba wako amefika asubuhi hii, amekwenda kuoga mtoni. Amejitolea akusindikize hadi Songea, na baba yako amekubali. Ana shati jipya. Hajawahi kupanda basi maishani mwake, na hatakuambia, kwa hiyo wewe ingia kwanza, halafu mwachie kiti cha dirishani.

Anayekupenda,
Mama